Mteja wa Alhamisi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na kwa dobi mvua ni msiba. Watu wengine wanafurahi, wanatega ndoo nje. Sisi tunaangalia kamba za uani zilivyolowa, tunaangaliana. Mama ametoa amri yake ya kila mwaka: hakuna kupokea mablanketi mpaka jua lirudi. Jioni akapokea matatu, kwa sababu bibi mwenye nayo alimwita "mwanangu".

Nimeanza kuandika kwa sababu nimefanya jambo bila kumwambia Mama, na sina mwingine wa kumwambia. Shangazi, dada yake marehemu Baba, amenipa namba ya simu ya mwanamke aliyenizaa. Nimembembeleza tangu mwaka jana. Nimeshapiga. Anakuja Alhamisi.

Mama hajawahi kunificha. Tangu sijajua kusoma najua kwamba sikutoka tumboni mwake, kwamba nililetwa hapa nikiwa na wiki chache, nimefungwa kwenye taulo. "Wewe hukutuangukia," alikuwa akiniambia akinisuka. "Wewe tulikuomba." Sina kisa cha kuwaliza watu. Nimelelewa, nimesomeshwa, nimedekezwa hadi majirani wakalalamika. Sasa ningeanzaje? Mama, nimeshiba, lakini naomba nikachungulie sufuria ya jirani?

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Nimempigia tena, nikamwambia aje dukani kama mteja, abebe nguo zozote, ili pasiwe na maswali. Akasema, "Sawa. Nguo ninazo."

Alhamisi, 7 Machi

Amekuja.

Niseme ukweli, maana hapa hakuna wa kunicheka. Nilikuwa nimeshamtengeneza kichwani. Mrefu, mkoba mweusi, sauti ya chini ya mtu wa ofisini. Nilivaa blauzi yangu nzuri. Aliyeingia ni mwanamke mfupi, amejifunika mfuko wa plastiki kichwani, ndala moja imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Ana meno yangu. Anacheka kabla ya kusema neno, anacheka kwa sauti, na akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Mimi nacheka hivyo hivyo. Mama alihangaika miaka kuniachisha, akashindwa.

Nilimtazama miguu. Alikuwa ameingia na matope kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki. Kitu cha kwanza kilichonijia moyoni, baada ya miaka yote ya kumngoja, kilikuwa hasira ya sakafu.

Halafu kuna hili la mdomo wangu. Kwa kazi hii, kila mwanamke anayevuka mlango ule namwita mama. Karibu mama. Njoo Jumanne mama. Hilo doa halitoki mama, tusidanganyane. Hata wasichana walionizidi mwaka mmoja nawaita mama, linatoka lenyewe. Leo lilikwama. Nilisema "Karibu," nikaishia hapo.

Mama alitokea nyuma akiwa na hanga la nguo mkononi. Yule akamwamkia, "Shikamoo." Mama ana marahaba ya haraka kuliko mtu yeyote mtaani, ila leo ilichelewa. Nikajiambia ni kelele za mvua kwenye mabati.

"Niandike jina gani?" nikamuuliza. Huwa tunaandika jina kwenye kikaratasi, tunakibana kwenye nguo kwa pini.

"Andika utakavyo," akasema.

Nikaandika "Alhamisi".

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Uvundo kila mahali. Tumewasha feni mbili kwenye chumba cha kuanikia na mashati bado yana ubaridi.

Alhamisi, 14 Machi

Amekuja kuchukua zile na ameleta nyingine. Mama alikuwa amekwenda kununua sabuni, tukapata nafasi ya kuongea, na tukaitumia vibaya. Aliniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia nakula. Akaniuliza kama nilipata shida na shule. Nikamwambia sikupata. Nilikuwa namjibu kama nimeitwa kwenye usaili wa kazi. Anaosha vyombo kwenye mgahawa nyuma ya kituo cha mabasi na amepanga chumba huko huko. Aliponitajia mgahawa wenyewe nilishukuru moyoni kwamba sijawahi kula pale na marafiki zangu. Nimeandika sentensi hiyo na nimeisoma mara ya pili. Ndivyo ilivyokuwa.

Tuna mpiga pasi mmoja, mzee, tunamwita Mkunjo, maana akiona mkunjo kwenye nguo ya mtu anakosa raha hata kama ni mpita njia. Alikuwa ameinama kwenye meza yake, pasi inafuka mvuke, ila masikio yalikuwa kwetu. Ilibidi niseme kwa sauti, "Zitakuwa tayari wiki ijayo."

"Nitashukuru," yule akasema, na yeye kwa sauti.

Alhamisi, 21 Machi

Watu wanadhani kazi ya dobi inaanza na maji. Inaanza na pua. Ukifungua mfuko unanusa kola, unanusa makwapa, ndipo unajua nguo ipi ilowekwe na ipi ipitishwe majini tu. Leo baada ya yule kuondoka nilifungua mfuko wake, nikanusa, nikanusa tena.

Nguo ni safi. Zina harufu ya sabuni ya mche na moshi wa mkaa. Amezifua kwa mkono, na kwa mvua hii bila shaka amezianika juu ya jiko, kisha akazikunja, akaniletea nizifue.

Sikuhitaji kuambiwa. Ameona haya, hataki niuone uchafu wake. Anataka kuja kuniona, nimemwambia kibali cha kuingia ni nguo chafu, na yeye hawezi kunikabidhi nguo chafu. Inawezekana amefanya hivi tangu wiki ya kwanza, nami sikunusa kwa sababu nilikuwa nababaika.

Nilipaswa kukaa chini nilie. Badala yake niliangalia kama Mkunjo ameniona, nikazitumbukiza zote kwenye beseni haraka, nikazimwagia sabuni. Nimefua nguo safi mchana kutwa.

Alhamisi, 28 Machi

Amekuja. Blauzi mbili zile zile alizoleta tarehe 14.

Jumamosi, 30 Machi

Mama, akipanga risiti, bila kuinua macho: "Yule wa Alhamisi analeta nguo safi."

"Labda anapenda pasi ya Mkunjo," nikasema.

"Mm."

Nikadhani yameisha.

"Wateja wote unawaita mama," akasema. "Yule unamwitaje?"

"Sijaangalia."

"Sijakuuliza habari ya kuangalia. Nimeuliza unamwitaje."

Nikajitia hamnazo, nikaenda nyuma kupanga mahanga ambayo yalikuwa yamepangwa. Mama hakunifuata. Mama ninayemjua mimi angenifuata mpaka bafuni.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mwenye mablanketi amekuja kuyauliza. Mama amemwambia yanapumzika.

Alhamisi, 4 Aprili

Nimemuuliza. Tulikuwa uani chini ya kibanda, nimejifanya namwonyesha doa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya upole, ila nilipofungua mdomo yalitoka makavu: "Kwa nini ulinitoa?"

"Sikuwa na pa kukuweka," akasema.

Nikangoja. Nilidhani ni mwanzo wa maelezo, kumbe ndiyo maelezo.

"Nilikuwa mfanyakazi wa ndani," akaongeza alipoona sisemi. "Nalala jikoni kwa watu. Mtoto anawekwa wapi jikoni kwa watu? Huyo unayemwita shangazi alikuwa anakaa nyumba ya pili. Akaniambia kaka yake na mkewe wanatafuta mtoto. Nilikuja kumwona mkewe kwanza. Nikaona mikono yake misafi, imekunjamana kwa maji. Nikasema huyu hatamwacha mtoto akae na uchafu."

Hakulia. Nilitaka alie. Nilitaka machozi mengi, ili nijione nilikuwa na thamani, naye anaongea kama anayekumbuka alikopanda basi. Ndivyo nilivyomhukumu pale pale. Kisha akanyoosha mkono kunitengeneza kola iliyokuwa imegeuka, nikaona Mkunjo amesimama mlangoni na mahanga yake. Nikarudi nyuma hatua moja. Mkono wake ukabaki hewani, halafu akautumia kujikuna shingo.

Jumatatu, 8 Aprili

Kola. Nimeifikiria hiyo kola siku nne.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimejikaza kisabuni kuandika hii.

Mvua ilishuka mchana kama imekatika kamba. Duka lilijaa watu waliokimbilia humu, wengine hawajawahi kuleta hata leso. Yule alikuwa ameshanipa mfuko wake akawa anaondoka, mvua ikamrudisha. Alisimama pembeni ya kaunta, upande wa wateja, akijibana ili asimguse mtu na nguo zake mbichi. Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Nilikuwa katikati yao. Nakumbuka nilisali mvua ikatike.

Akaingia Mwalimu, yule anayefundisha hesabu, mteja wetu wa mashati meupe. Mtu mzuri, mcheshi, hana kifunga mdomo. Akafuta miwani, akanitazama mimi, akamtazama yule, akanitazama tena.

"Hee, ninyi wawili," akasema. "Hebu chekeni kidogo."

"Nicheke nini, Mwalimu?"

Niliposema hivyo yule akacheka kwa kuona haya, akaziba mdomo. Na mimi, Mungu wangu, nikacheka kwa kuona haya, nikaziba mdomo. Duka zima likaangua kicheko.

"Si nimesema," Mwalimu akasema. "Copy na paste. Huyu ni nani wako?"

Nilikuwa na muda. Huo ndio ukweli unaoniumiza. Mtu akiponyokwa na neno anaweza kusema liliponyoka. Mimi nilipata muda wa kumtazama yule, na uso wake ulikuwa umefunguka wazi kabisa, anangoja. Nikamtazama Mama, naye alikuwa anaangalia magoti yake. Nikaziona na zile ndala. Ndipo nikasema.

"Mteja tu."

Ile "tu" haikuwa ya lazima. Niliiongeza mwenyewe.

Mwalimu akasema basi dunia ina maajabu, akaanza kuulizia mashati yake. Yule akaitikia kwa kichwa taratibu kama mtu anayekubaliana na bei. "Ndiyo," akamwambia Mwalimu, ingawa hakuna aliyekuwa anamsikiliza tena, "mimi ni mteja." Akafunga mfuko wake wa plastiki kichwani akatoka kwenye mvua ile ile, na hakuna aliyemzuia. Mama aliinuka nusu, akakaa.

Alhamisi, 18 Aprili

Hakuja. Nimepiga simu, inaita mpaka inakata.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua nyepesi. Blauzi zake zinaning'inia kwenye fimbo ya nguo zilizokamilika, kikaratasi kimeandikwa Alhamisi. Mkunjo amezipiga pasi mara ya pili bila kuambiwa. Siku hizi hakuna anayesema kitu humu ndani, tumenyamaza kama maji mtungini.

Alhamisi, 25 Aprili

Hakuja.

Jumamosi, 27 Aprili

Tulifunga mapema. Mama aliniambia nikae, akajimiminia chai, hakunimiminia mimi. Nikajua leo ni leo.

"Zile blauzi za nani?" akauliza.

Nikafungua mdomo kusema "mteja", nikaufunga. Nikamwambia. Shangazi, namba, simu, nguo safi, yote. Sikumtazama, nilikuwa naongea na birika. Nikamwambia nilificha kwa sababu sikutaka aone kwamba hanitoshi. Nikamwambia na lile baya zaidi, kwamba yule alipoingia niliona aibu kwamba nimetoka kwake.

Nilitegemea alie, au aniambie ndivyo ninavyomlipa kwa kunilea. Alikunywa chai mpaka nusu.

"Nilimjua alipotoa shikamoo," akasema.

Nikainua kichwa.

"Nilimpokea mtoto mikononi mwake. Unadhani sura hiyo inasahaulika? Nilimjua siku ya kwanza na miguu yake ya matope. Nikasema moyoni, acha mvua impige, atachoka. Nikawa nasubiri achoke. Kila Alhamisi napokea hela yake, namhesabia chenji, namwambia karibu tena. Siku ya Mwalimu nilikuwa na mdomo kama wewe. Niliangalia magoti."

Mama yangu hajawahi kunionyesha uso ule. Tangu utotoni nimemjua kama mtu wa kukemea, kuamua, kukosea na kusema "basi nimekosea" na kuendelea na kazi. Nilidhani haya ni kitu cha kwangu mimi. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili, mikono ile aliyochaguliwa kwayo, na hajui kwamba alichaguliwa kwayo. Nikamwambia. Nikamwambia, "Yule alisema mikono yako ni misafi."

Akaweka kikombe chini, akaitazama mikono yake.

"Tumemsimamisha mwenzangu kaunta," akasema. "Mimi na wewe. Mwenzangu, na mvua inanyesha."

Nikamwomba twende wote kumpelekea nguo. Akakataa. "Nenda wewe. Mimi nitakwenda nikipata uso. Leo sina."

Jumatano, 1 Mei

Sikuenda. Nimesema kuna kazi nyingi. Hakuna kazi nyingi.

Alhamisi, 2 Mei

Nimekwenda.

Nyuma ya kituo cha mabasi kuna nyumba ndefu ya vyumba vya kupanga, milango inaangalia uani, bomba moja kwa watu wote. Nilimkuta kibarazani, amekaa pamoja na jirani yake, mwanamke mnene mwenye sauti, wanachambua mchele kwenye sinia moja. Manyunyu yalikuwa yanaingia pembeni. Nilikuwa nimebeba blauzi kwenye hanga, nimezifunika nailoni, nimezishika juu zisiburuzike, kama ninavyowapelekea wateja wakubwa.

Aliponiona alisimama, punje za mchele zikamwagika kutoka mapajani. Hakucheka.

"Mgeni," jirani akasema. "Huyu nani tena?"

Nilimwona akinitazama, kisha akitazama blauzi. Akatafuta kwa haraka jibu la kunistahi, akalipata.

"Dobi wangu," akamwambia jirani. "Ameniletea nguo."

Alisema kwa upole kabisa. Hakuwa ananirudishia. Hilo ndilo lililonimaliza. Angekuwa ananilipiza ningejua pa kuliweka. Alikuwa ananifichia aibu yangu, kwake, mbele ya mtu wake, bila kuombwa.

"Una dobi wewe?" jirani akashangaa. "Unayefua hapo bombani kila Jumatano?"

Yeye akainamisha kichwa. Nikasema, "Si dobi wake. Mimi ni mtoto wake. Wa kumzaa."

Nilipokwisha kusema ndipo nikaona nilichokifanya. Mkono wa jirani ulisimama kwenye sinia. Dirisha la chumba cha pili, pazia lilisogea. Sikuwa nimemuuliza kama hapa anataka ijulikane. Wiki zote nilidhani mwenye cha kuficha ni mimi peke yangu. Nilikuja kujitua mzigo wangu, nikautua kichwani kwake, mbele ya watu anaochota nao maji kila asubuhi.

"Wewe si ulituambia huna mtoto?" jirani akamuuliza. Hakuwa anacheka. "Miaka yote hii. Tulipokuuliza ulisema huna."

Nikaanza kusema samahani, ni mimi niliyekosea, nilikuwa natania. Nilikuwa tayari kumkana tena, safari hii kwa kumsaidia. Yeye akaninyamazisha kwa mkono. Alikuwa amekunja uso, akapangusa viganja kwenye sketi, kimoja, kingine. Akamtazama jirani yake usoni.

"Ninaye," akasema.

Basi. Hakuongeza kitu.

Jirani akasogeza sinia, akavuta kigoda kilichokuwa ukutani, akakifuta manyunyu kwa kiganja, akakiweka katikati yao. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa sistahili hata kusimama pale, na wote wawili walikuwa wananingoja. Nikakaa.